Mama yangu alipika malewa: barua ya wazi kwa maaskofu, wachungaji na wazee wa makanisa ya Uganda

Baba zangu na mama zangu katika Bwana,

Nawasalimu kwa jina la Yesu Kristo. Naandika kutoka Mbale, mtaa wa Namakwekwe, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha hapa. Ibada yetu ya pili ina Wagisu, Wateso, Waluhya waliovuka Malaba kutafuta maisha, na askari wastaafu wa kila kabila. Bila Kiswahili tusingesikilizana.

Mwaka jana, Desemba nzima, mchungaji wetu alihubiri juu ya sikukuu za kipagani. Alisema Krismasi ni siku ya mungu jua na Pasaka ni siku ya mungu wa kike, na kwamba anayezishika anakula meza mbili, ya Bwana na ya mashetani. Jumapili iliyofuata Krismasi, mahubiri yalipokwisha, akaomba wote walioisherehekea tarehe 25 wasimame. Kanisa likanyamaza. Ulisikia mabati tu yakilia kwa joto. Mama yangu alikuwa upande wa akina mama, benchi la tatu, amevaa gomesi yake ya kijani. Ana miaka sabini na miwili. Akasukuma mkoba wake chini ya benchi, akashika mgongo wa benchi la mbele, akainuka. Peke yake. Mzee mmoja akamsogezea kipaza sauti akamuuliza alifanya nini siku hiyo.

Akajibu, "Nilipika malewa. Wajukuu walikuja, nikapika."

Kwa wasioyajua, malewa ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon. Hukaushwa kwa moshi hadi yawe meusi, kisha huloweshwa, huoshwa, huchemshwa, na mwisho hupikwa kwa karanga za kusaga. Si chakula cha haraka. Mama huyatia majini tarehe 23 jioni, na asubuhi ya tarehe 25 kabla hajaunga karanga huwaita watoto wote jikoni, anawashika vichwa mmoja mmoja, anamshukuru Mungu kwa kuzaliwa kwa Mwanawe na kwa kila mtoto kwa jina lake. Hiyo ndiyo Krismasi yake. Hana mti wala taa. Hicho ndicho chakula kilichoitwa cha sanamu.

Tangu siku hiyo hashiriki meza ya Bwana. Anakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, wanapokaa wageni na wanaonyonyesha. Ameambiwa atarudi mbele akitubu hadharani. Sasa ni Oktoba.

Kanisa letu silitaji jina, wala mchungaji wetu. Ni mtu wa maombi, na naamini alichofanya alikifanya kwa kumwogopa Mungu. Naandika kwenu nyote kwa sababu mafundisho haya hayakuzaliwa Namakwekwe, na kwa sababu ninyi ndio mnaoweka wachungaji, mnaowafundisha na mnaoweza kuwaambia neno wakasikia. Mimi ni mwalimu wa watoto wa Jumapili tu. Lakini nimesoma, na nimesoma kwa uchungu, kwa sababu nilitaka kujua kama mama yangu alikosa.

Ninaloamini baada ya kusoma ni hili: asili ya siku, ya ngoma au ya vazi haitoshi kuwa kipimo cha Mkristo. Kipimo ni kinachofanyika leo, na kinafanyiwa nani. Na kama mtaendelea kutumia asili kuwa kipimo, basi itumieni kwa vya Wazungu kama mnavyoitumia kwa vyetu.

Nianze na tarehe yenyewe. Kipo kitabu cha kalenda kilichoandikwa Roma mwaka 354. Ndani yake mna mstari unaosema kwamba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea tarehe 25 Desemba. Katika kitabu hicho hicho, kwenye orodha ya sikukuu za mji, tarehe hiyo hiyo imeandikwa kuwa siku ya kuzaliwa kwake Asiyeshindwa, yaani jua, ikiadhimishwa kwa mashindano 30 ya magari ya farasi. Kaisari Aurelian alikuwa amemjengea jua hekalu Roma mwaka 274. Kwa hiyo mchungaji wetu hakutunga. Siku mbili zilikaa kwenye tarehe moja, katika mji mmoja, ndani ya kitabu kimoja.

Lakini alituambia nusu. Wakristo wa kale walikuwa na hesabu yao pia. Wengi wa upande wa Roma na Afrika ya Kaskazini waliamini kwamba Yesu alisulubiwa tarehe 25 Machi, na kwamba alichukuliwa mimba tarehe hiyo hiyo. Ukihesabu miezi tisa kutoka hapo unafika 25 Desemba. Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliiandika hesabu hiyo katika kitabu chake juu ya Utatu. Wanahistoria hadi leo wamegawanyika: wapo wanaosema kanisa liliichukua siku ya jua ili kuishinda, na wapo wanaosema liliipata kwa hesabu yake lenyewe. Na ile sikukuu nyingine ya Warumi inayotajwa sana, Saturnalia, ilianza tarehe 17 na kwisha 23. Haikuwa tarehe 25.

Kuhusu Pasaka sitakawia. Hoja ya mungu wa kike inatokana na jina la Kiingereza, Easter. Mtawa mmoja wa Uingereza, Bede, aliandika mwaka 725 kwamba jina hilo lilitokana na mwezi uliokuwa wa mungu aitwaye Eostre. Sawa. Lakini sisi hatusemi Easter. Tunasema Pasaka, neno la Kutoka sura ya 12, la damu ya mwana-kondoo kwenye miimo ya milango. Waganda, yaani watu wa Buganda, wanasema Amazuukira, ufufuo. Mtu anayemkataza bibi wa Kigisu Pasaka kwa sababu ya jina la Kiingereza anamhukumu kwa neno ambalo hajawahi kulitamka. (Na Krismasi Waganda huiita Ssekukkulu. Kila nikilisikia neno hilo, masikio yangu ya Kiswahili husikia "sikukuu" tu.)

Najua pia kwamba ndugu wanaokataa Krismasi si wapotofu wala si wageni katika imani. Origen wa Aleksandria, miaka ya 200, alifundisha kwamba katika Maandiko wanaofanya karamu ya siku ya kuzaliwa ni akina Farao na Herode. Yohane Krisostomo alipohubiri Antiokia mwaka 386 alisema kwamba hapo kwao siku hii ilikuwa haijafikisha hata miaka kumi tangu ijulikane. Mitume hawakutuachia Krismasi. Mlokole anayeamua kwa dhamiri kwamba tarehe 25 atakwenda shambani kama siku nyingine, namheshimu, na nisingependa mtu amcheke wala amwite mchawi. Paulo amekwisha kumlinda, na amemlinda na mama yangu katika mstari huo huo: "Mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa. Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Ni Warumi 14:5. Nashindwa kuona ni wapi katika mstari huo panapatikana nafasi ya kumsimamisha mtu mbele ya kipaza sauti.

Mchungaji wetu alisoma Yeremia 10, pale panaposema mti hukatwa msituni kwa shoka na kupambwa kwa fedha na dhahabu, akasema huo ndio mti wa Krismasi. Someni mstari unaofuata. Kitu hicho hakisemi, na hakina budi kubebwa kwa sababu hakiwezi kwenda. Ni sanamu iliyochongwa na fundi, ikapigiliwa misumari isitikisike. Mti wa Krismasi tunaoujua ulitoka kwa Wajerumani, miaka ya 1500, yaani zaidi ya miaka elfu mbili baada ya Yeremia. Mtu anaweza kuuchukia mti ule kwa sababu nyingine, lakini asimtie nabii maneno mdomoni.

Alisoma pia Kumbukumbu la Torati 12, na hapo nilitetemeka, kwa sababu lile ni neno zito. Bwana anawakataza Israeli wasiulize, "Mataifa haya waliitumikiaje miungu yao? Nasi tufanye vivyo hivyo." Nikalirudia usiku kucha. Na mstari wenyewe unasema kilichomchukiza Mungu: waliwateketeza wana wao na binti zao motoni. Kilichokatazwa ni tendo, na ibada yenyewe.

Lakini mahali palipofungua macho yangu ni sokoni Korintho. Naomba mnivumilie hapa, kwa maana hapa ndipo penye jibu letu. Nyama iliyouzwa katika soko lile, nyingine ilikuwa imetoka madhabahuni pa sanamu. Asili yake ilikuwa ya kipagani kuliko kalenda yoyote, maana haikuwa ya miaka mia nyuma, ilikuwa ya asubuhi ile. Na Paulo anasema nini katika 1 Wakorintho 10? Kuleni bila kuulizauliza, kwa maana dunia ni ya Bwana pamoja na vyote viijazavyo. Mtu akikuambia, "Hii imetolewa kwa sanamu," usile, kwa ajili ya dhamiri yake yeye. Na juu kidogo, sura hiyo hiyo, anakataza kabisa kukaa kwenye meza ya mashetani. Tazameni alipoweka mstari. Anayekaa hekaluni na kushiriki, hapana. Anayenunua nyama sokoni akaipikia watoto wake na kumshukuru Mungu, asihojiwe. Paulo aliijua asili ya nyama kuliko sisi tunavyoijua asili ya Desemba, na bado akasema msiulize.

Na kanisa lilipokuwa na viongozi wenye busara lilifanya hivyo hivyo. Katikati ya karne ya 5, Papa Leo wa Roma aliona Wakristo wake wakipanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, na kabla ya kuingia wanageuka na kuliinamia jua linalochomoza. Hapo palikuwa na upagani wa kweli, mbele ya mlango wa kanisa. Alihubiri dhidi yake katika ibada yenyewe ya kuzaliwa kwa Bwana. Alikemea kule kuinama. Hakuifuta sikukuu. Kinyume chake, Bunge la Uingereza liliipiga marufuku Krismasi mwaka 1647, na huko Massachusetts, Amerika, kuanzia 1659 mtu aliyekutwa akiisherehekea alitozwa faini ya shilingi tano, hadi sheria hiyo ikafutwa 1681.

Sasa nije nyumbani, kwa maana hili ndilo linaloniuma zaidi.

Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu. Mnajua kwetu Bugisu imbalu ni mwaka unaogawanyika kwa mbili, na Agosti watu hufurika Mutoto, uwanja wetu wa mila karibu na Mbale, kwa uzinduzi. Mtoto wa dada yangu alifikia umri. Familia yetu imeokoka, tukakaa tukazungumza siku tatu. Tukakubaliana: hakuna pombe ya kuwamiminia wazee waliolala, hakuna kuku wa kuchinjwa kwa mizimu, hakuna kupakwa tope la kinamasi. Kijana akatahiriwa kliniki na daktari, akadungwa sindano ya ganzi, akatulia. Alipopona tukamfanyia shukrani. Mjomba akaleta ngoma za kadodi. Tukaomba, tukaimba za wokovu juu ya mapigo yale, babu akamwambia kijana maneno ya utu uzima huku machozi yanamtoka, tukala. Wiki iliyofuata wazee wa kanisa wakaja. Wakasema kadodi ni ngoma ya mizimu, asili yake haibadiliki, na dada yangu akaondolewa kwenye kwaya.

Mwezi ule ule kanisa lile lile lilifungisha ndoa mbili. Kulikuwa na pete, iliyokuwa desturi ya Warumi kabla ya kanisa. Kulikuwa na gauni jeupe, lililoenea baada ya Malkia Victoria kulivaa katika harusi yake mwaka 1840. Hakuna aliyeuliza asili. Nami sisemi mngeuliza. Na tukienda Buganda, bwana harusi Mkristo haendi kwanjula, kujitambulisha ukweni, bila kanzu, nayo kanzu ililetwa na wafanyabiashara Waarabu, Waislamu. Tumeivaa, ikawa yetu, na Kristo hakupungukiwa.

Baba zangu, angalieni mnachowafundisha watoto wetu bila kukusudia. Kilichotoka Ulaya mnakipokea bila kukichungulia, na kilichotoka Elgon mnakitupa na chungu chake. Kijana mwenye akili anaona. Mmoja wa darasa langu aliniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mizimu ya Wazungu ilikufa yote, ila ya kwetu ndiyo haifi?" Sikuwa na la kumjibu.

Jina lenyewe tunalomwitia Mungu, mmelisahau limetoka wapi? Wagisu walisema Wele kabla Biblia haijafika mlimani. Waganda walisema Katonda kabla wamisionari wa kwanza hawajafika mwaka 1877. Majina hayo yalikuwa midomoni mwa watu waliotambika, na kanisa likayachukua, likayaweka mwanzoni mwa Mwanzo sura ya 1. Kama asili haisafishiki, basi hatuna hata jina la kuombea.

Na Namugongo, karibu na Kampala? Pale palikuwa pahali pa kuulia, pa wanyongaji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, pakiwa na desturi zake na vitisho vyake kabla ya kijana yeyote Mkristo kufikishwa hapo. Tarehe 3 Juni 1886 mashahidi wa Uganda wakafungwa kwenye matete wakachomwa. Leo Wakatoliki na Waanglikana wanakwenda pale kila mwaka, wengine wakitembea siku nyingi hadi miguu inavimba. Sijasikia askofu hata mmoja akisema tusiende kwa sababu ya asili ya mahali. Tunajua nani anatukuzwa pale sasa.

Msidhani natetea kila kitu. Pakimiminwa pombe kwa mizimu, Mkristo aondoke, hata kama ni kwa baba yake. Kwenye okwabya olumbe, desturi ya Waganda ya kumaliza matanga na kumweka mrithi, marehemu akiulizwa maneno kupitia kwa mganga, tuseme hapana wazi. Lakini watu wakikaa, wakalia, wakagawana mali kwa haki mbele ya mashahidi na kumtambulisha mrithi, hapo kosa liko wapi? Ninyi mna mamlaka ya kutenganisha haya mawili, na watu wanawangoja myatenganishe. Kusema "ni ya kipagani" na kufunga kitabu ni kazi nyepesi. Kukaa na familia siku tatu kama sisi tulivyokaa ndiyo kazi ya mchungaji.

Na kama mnatafuta la kukemea katika Krismasi, liko tele, tena si la Roma. Kuanzia tarehe 20 nauli zinapanda, na mtu anapanda basi kwa pesa ya kukopa kwa sababu anaona aibu kufika kijijini mikono mitupu. Usiku wa tarehe 24 waragi, pombe kali ya kwetu, inauzwa hadi kwa watoto. Mwaka huu, wiki ya kwanza ya Februari, nilimwona jirani yangu akitoa godoro nje, analipangusa kwa kitambaa chenye maji ili lipate bei, kwa sababu karo ya mtoto ililiwa Desemba. Mtoto alikuwa amesimama pembeni amevaa viatu vipya vya Krismasi na sare ya shule. Kuhusu hilo sikusikia mahubiri hata Jumapili moja. Jumapili zilitumika kwa mungu jua ambaye jirani yangu hajawahi kumsikia.

Ninayowaomba si mengi. Waandikieni wachungaji walio chini yenu kwamba kushika au kutoshika Krismasi na Pasaka hakuwezi kumtenga mtu na meza ya Bwana. Wanaofundisha historia ya siku hizi wafundishe yote, wasikate katikati. Familia zikija na jambo la imbalu, la mila za mapacha au la olumbe, kabla ya adhabu waulizeni walifanya nini hasa, na kwa nani. Na dada yangu arudi kwenye kwaya. Anaimba sauti ya pili, na tangu aondoke haina mtu.

Nilimuuliza mama kama naweza kuandika habari zake. Alifikiri kidogo akasema niandike, ila niseme kwamba hana hasira na mchungaji, na kwamba Desemba atapika tena. Amekwisha kununua malewa, mafungu manne, yananing'inia juu ya meko. Swali lake ni moja tu, na mimi sina mamlaka ya kulijibu, ndiyo maana nalileta kwenu: Jumapili itakayofuata, akae benchi gani?

Ni mimi, binti yenu katika Kristo,
Mwalimu wa watoto, Mbale